Mpira Utue Wapi? Mafundisho ya Shabaha katika Mchezo wa Tenisi



Katika michezo inayofunzwa vijana, tenisi ni mmoja ambao wengi huutazama bila kuuelewa. Watazamaji humshangilia yule apigaye mpira kwa kishindo, nao humwona mwenzake apigaye polepole kuwa ni dhaifu. Walakini mpira uliopigwa kwa nguvu zote, ukianguka nje ya mstari, wahesabiwa sawasawa na ule uliokwama wavuni: ni pointi ya mpinzani. Na mpira wa polepole, ukitua mahali ambapo mpinzani hayupo, washinda. Basi swali la kwanza la mchezaji si nguvu ya mkono wake. Swali ni hili: mpira utue wapi? Leo twapenda kueleza jinsi jambo hilo linavyofunzwa, na faida yake kwa kijana.

Kiwanja chenyewe ni mwalimu

Kiwanja cha wachezaji wawili kina urefu wa mita 23,77 na upana wa mita 8,23. Wengi hudhani kwamba wavu una kimo kimoja toka nguzo hata nguzo. Sivyo. Kwenye nguzo kimo chake ni mita 1,07, lakini katikati wavutwa chini kwa ukanda hata ubaki sentimeta 91 tu.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Ukisimama kwenye pembe ya nyuma na kupiga sambamba na mstari wa kando, mpira una mita 23,77 za kwenda, nao wapita juu ya wavu mahali ulipo mrefu. Ukipiga kwa mshazari, toka pembe hata pembe, una mita 25,15, yaani zaidi ya mita moja na robo ya ziada, na tena mpira wapita karibu na katikati, mahali wavu ulipo mfupi. Ndiyo sababu walimu wa tenisi husema: ukiwa na shaka, piga mshazari. Kupiga sambamba na mstari wa kando ni kwa wakati wake, yaani pale umesimama imara, mpira ni mfupi, na upande ule u wazi.

Jambo la pili ni umbali wa mpira toka wavuni. Mpira unaotua karibu na wavu humkaribisha mpinzani aje mbele na kushambulia. Ule unaotua karibu na mstari wa nyuma humrudisha nyuma na kumnyima nafasi. Mwanafunzi akitaka mpira wake ufike mbali, asiongeze nguvu kwanza, auinue. Mpira unaopita mita moja juu ya wavu hufika mbali kwa urahisi kuliko ule unaoukwaruza.

Namna ya kufunza

Mwalimu anayesema tu, "Lenga vizuri!" hajafunza kitu. Shabaha lazima ionekane kwa macho. Twaa kamba, uilaze chini kwa duara lenye upana wa mita 2, nalo liwe mita moja ndani ya mstari wa nyuma na mita moja ndani ya mstari wa kando. Kwa nini lisiwe juu ya mstari wenyewe? Kwa sababu hata mkono uliozoea hukosea kidogo. Anayelenga mstari, kosa lake dogo lamtoa nje; anayelenga ndani, kosa lile lile lamwacha salama.

Anza kwa kumrushia mwanafunzi mpira kwa mkono, taratibu. Baadaye umpigie kwa raketi; mwishowe wanafunzi wawili wapigiane. Hesabu mipira kumi kumi. Akiingiza saba, punguza duara; akiingiza chini ya minne, liongeze, ili asikate tamaa. Kisha weka shabaha mbili, moja kila upande, na umwagize ataje kwa sauti shabaha aliyoichagua kabla ya kupiga. Mpira ukitua kwenye shabaha asiyoitaja, usihesabiwe. Hapo ndipo utakapojua kama alikusudia au alibahatisha.

Shule isiyo na kiwanja isihuzunike. Ukuta wafaa. Chora kwa chaki mstari wa kimo cha sentimeta 91, na juu yake mviringo. Mtoto akiugonga mviringo ule mara kwa mara, atakapofika kiwanjani hatakuwa mgeni.

Daktari wa Lynchburg

Mafundisho haya yana historia ya kuheshimika. Katika mji wa Lynchburg, jimbo la Virginia huko Marekani, aliishi mganga mweusi, Dokta Robert Walter Johnson. Wakati ule sheria na desturi za ubaguzi ziliwafungia watoto weusi viwanja vilivyo vizuri. Dokta huyo alijenga kiwanja nyumbani kwake, akawakaribisha vijana wakati wa likizo. Miongoni mwa aliowasaidia alikuwamo Althea Gibson, aliyeshinda Wimbledon, Uingereza, mwaka 1957 na tena 1958. Tangu mwaka 1953 alimpokea mtoto mwembamba toka Richmond, jina lake Arthur Ashe.

Dokta Johnson aliwawekea wanafunzi wake sheria kali: mpira wa mpinzani ukianguka nje kwa kiasi cha sentimeta 5, wauhesabu kuwa umeingia, na waurudishe bila kunung'unika. Alijua kwamba watu wengi walikuwa wakingoja kisingizio cha kuwafukuza. Vijana wale, pamoja na kujifunza kupiga, walijifunza kuitawala nafsi. Sisi twaona kwamba mambo hayo mawili ni ndugu, kwani mkono hauwezi kulenga ikiwa moyo wachafuka.

Fainali ya mwaka 1975

Tarehe 5 Julai 1975 Ashe, umri wake miaka 31, aliingia fainali ya Wimbledon kupambana na Jimmy Connors, kijana wa miaka 22, bingwa wa mwaka uliotangulia. Ashe alikuwa hajapata kumshinda, na karibu watu wote walimpa Connors ushindi.

Kwa kawaida Ashe mwenyewe alikuwa mpigaji wa nguvu. Siku ile aliiacha desturi yake. Alikuwa ameshauriana na rafiki zake, wakatambua kwamba Connors hupenda mpira ujao kwa kasi, kwa maana huitwaa kasi ile na kuirudisha. Basi Ashe akampa mipira laini, ya chini, upande wa kiganja, ambako Connors alipata taabu kuiinua. Mpira wa kuanzia aliupeleka nje kabisa, ili kumtoa kiwanjani yule anayetumia mkono wa kushoto. Connors alipokaribia wavu, mpira ulimpita juu ya kichwa. Ashe alishinda seti mbili za kwanza kwa 6-1 na 6-1.

Kisha likaja jaribu. Connors alitwaa seti ya tatu, 7-5, akaongoza 3-0 katika ya nne. Mtu mwingine angalirudia nguvu zake za zamani. Ashe hakuiacha shabaha yake, akamaliza kwa 6-4. Akawa mwanamume mweusi wa kwanza kushinda Wimbledon.

Mbegu yake ilifika Afrika pia. Mwaka 1971, alipozuru Yaoundé, Kameruni, Ashe alimwona mtoto wa miaka 11, Yannick Noah, akamwombea nafasi ya kufunzwa Ufaransa. Mwaka 1983 Noah alishinda mashindano makuu ya Ufaransa, huko Paris.

Fundisho kwetu

Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorinto, hakuona haya kutwaa mfano wa wanamichezo. Nasi tusione haya. Mungu hakuwapa watoto wote misuli sawa; lakini kila mtoto aweza kufunzwa kutazama, kuchagua na kuvumilia. Wazazi na walimu, msimwambie kijana "jitahidi" na kumwacha gizani. Mwonyesheni mahali penyewe, tena pasiwe ukingoni mwa hatari. Nanyi wanafunzi, kabla ya kuinua mkono, jiulizeni: utue wapi? Atakayezoea kujiuliza hivyo kiwanjani, hatapiga ovyo katika mambo mengine ya maisha yake.