Namna Maandishi ya Siri Yanavyofumbuliwa

Tutwae maneno manne ambayo mfanyabiashara wa Bukavu aweza kumpelekea mshirika wake, "mashua itafika Goma kesho", na kila herufi tuiondoe, tuweke ile ya tatu iliyo mbele yake katika alfabeti. Yatatoka "pdvkxd lwdilnd jrpd nhvkr", ambayo asiyejua siri yake huyadhania upuuzi mtupu. Lakini mwenye subira ataona kuwa katika herufi 22 hizo d imerudi mara tano, nayo ndiyo iliyofunga maneno matatu. Na kwa kuwa maneno ya Kiswahili aghalabu huishia kwa irabu, na a hutumika kuliko herufi zote, d haina budi kuwa a, na ufunguo umekwisha patikana.

Elimu hii ya kuhesabu herufi aliieleza mwanafalsafa al-Kindi wa Baghdad, katika karne ya 9, ndani ya risala yake juu ya kufumbua mafumbo, na kwa muda mrefu ilitosha.

Misimbo iliyofuata iliificha hesabu hiyo, ndipo wafumbuzi walipojifunza kuvizia kosa la mwandishi. Na mfano ulio bora, kwa rai yangu, ulitokea Mombasa. Baada ya ndege za Japani kuishambulia Colombo mwezi wa Aprili 1942, wafumbuzi wa jeshi la majini la Uingereza waliokuwa huko walihamia Kilindini, wakaketi katika skuli ya Allidina Visram wakiukabili msimbo JN-40 wa meli za biashara za Japani. Mwezi wa Septemba karani mmoja wa Kijapani, akiisha peleka habari ndefu, alitambua kuwa hakutaja mahali meli ilipo. Naye, badala ya kupeleka nyongeza peke yake, akaiandika habari nzima upya kwa ufunguo ule ule. Wafumbuzi John MacInnes na Brian Townend wakazilinganisha hati mbili hizo, na ile tofauti ndogo ikawadhihirishia jinsi alama za msimbo zilivyohamishwa. Ilipofika Novemba JN-40 ilikuwa ikisomeka. Uhodari wao ulikuwa mkubwa, illa mlango aliufungua karani yule.

Leo ujumbe upitao baina ya simu za Goma kwa WhatsApp hufungwa kila mmoja kwa ufunguo wake, hata kosa la namna ile halina nafasi; ndiyo maana matapeli hawahesabu herufi, bali humpigia mwenye simu wakimbembeleza awatajie zile tarakimu sita za kuthibitisha akaunti.