Ngeli za Ekegusii na Majina ya Vitu vya Programu za Kompyuta

Soko la Suneka limo katika Bonchari, Kaunti ya Kisii. Wenyeji wa hapo hujenga majina matatu juu ya shina moja, -nchari: Omonchari ni mtu wa ukoo huo, Abanchari ni watu wake, na Bonchari ni nchi yao. Shina halibadiliki, kiambishi awali ndicho kinachoonyesha aina ya kitu kinachotajwa. Hali ni hiyo hiyo kwa Ababasi na Bobasi. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha jinsi sarufi hii ya Ekegusii, lugha ambayo Guthrie aliiainisha kuwa E42, inavyoweza kuangaza tatizo la kutaja vitu vya programu.

Watungaji wa programu nao hutumia viambishi. Charles Simonyi, mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi Xerox PARC na kisha Microsoft, aliasisi utaratibu ulioitwa wa Kihungaria: herufi chache hutangulia jina ili kudokeza aina ya kitu. Kwa mfano wa kubuni, programu ya muuza ndizi wa Suneka yaweza kuwa na jedwali liitwalo jdwWateja na fomu iitwayo fmuWateja. Msomaji hutambua mara moja kwamba shina ni moja na vitu ni viwili.

Hata hivyo, ulinganisho huu una mpaka wake. Katika Ekegusii kiambishi hakisimami peke yake. Husemwa omonto omonene, mtu mkubwa, na abanto abanene, watu wakubwa. Kosa la ngeli hujifichua papo hapo, kwa kuwa maneno yanayoandamana na nomino huikana. Kiswahili nacho hunena kipofu amekuja: umbo la nomino ni la ki-, lakini kitenzi hushuhudia kwamba anayetajwa ni mtu. Upatanisho hurekebisha kile ambacho umbo la jina limekificha.

Jina la programu halina shahidi wa namna hiyo. Kompyuta hufuata aina iliyotangazwa, wala haijali herufi zilizotangulia jina. Katika Windows ya biti 16, herufi w ya jina wParam ilidokeza thamani ya biti 16. Windows NT ilipotoka mwaka 1993, thamani hiyo ilikuwa ya biti 32, lakini jina lilibaki lilivyokuwa, maana programu nyingi zilikwisha kulizoea. Tangu hapo jina hilo humpotosha msomaji mgeni, na mashine hainung'uniki.

Yafaa basi kuuliza kiambishi kibebe habari gani. Katika msimbo wa Excel, rw ilitaja safu ya mlalo na col safu ya wima. Zote mbili ni namba kamili machoni pa mashine, ambayo ingekubali zijumlishwe bila pingamizi. Mtu asomaye rw na col pamoja huliona kosa. Hapo kiambishi kinafanya kazi ya ngeli, kwani kinaeleza maana ya kitu, si ukubwa wa nafasi yake katika kumbukumbu.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Suneka aanzaye kutunga programu hahitaji kudhani kwamba fani hii ni ngeni kabisa kwake. Asichokuwa nacho ni upatanisho, na pengo hilo hana budi kuliziba mwenyewe: kila maana ya kitu inapobadilika, abadilishe na jina lake.