Moyo Usiochora Picha

Mwaka 1525, alipokuwa akibishana na waliotaka sanamu zivunjwe makanisani, Martin Luther aliandika kwamba kila asikiapo habari za Kristo, apende asipende, moyoni mwake hujichora picha ya mtu aliyetundikwa msalabani. Ikiwa picha hiyo si dhambi moyoni, aliuliza, yawezaje kuwa dhambi mbele ya macho? Hoja hiyo ina nguvu, lakini inachukulia kwamba kila moyo huchora. Leo twajua ya kuwa sivyo.

Wako watu ambao, wakifumba macho na kujaribu kuikumbuka sura ya mama yao, hawaoni kitu. Wanamfahamu, waweza kumweleza, na wakikutana naye humtambua mara moja. Ila picha haiji. Hali hii huitwa afantasia. Jina hilo lilitolewa mwaka 2015 na Adam Zeman, daktari wa mishipa ya fahamu, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, pamoja na wenzake. Wamelitoa katika neno la Kiyunani alilolitumia Aristotle kwa uwezo wa nafsi wa kujiletea picha, wakalitanguliza kiambishi cha kukanusha.

Jambo lenyewe si jipya. Mwaka 1880 Mwingereza Francis Galton alichapisha majibu ya watu aliowaomba waikumbuke meza yao ya kifungua kinywa. Wanasayansi wengi aliowauliza walijibu kwamba hawaoni chochote. Tena walidhani wanaosema habari za kuona akilini wanatumia tamathali ya usemi tu. Uchunguzi mpya ulianzia kwa mzee mmoja aliyepoteza uwezo huo baada ya kutibiwa mishipa ya moyo, ambaye habari zake zilitangazwa mwaka 2010. Ndipo wengine wakajitokeza wakisema wamekuwa hivyo maisha yao yote. 21 kati yao walielezwa katika taarifa ya mwaka 2015. Makadirio ya sasa ni kati ya mtu 1 na watu 4 katika kila 100.

Hali hii si ugonjwa wala upungufu wa akili. Ed Catmull, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya filamu za katuni ya Pixar, anayo. Wengi wao huota ndoto zenye picha. Wanachokosa ni kuiita picha kwa hiari wakiwa macho. Hata hivyo, baadhi yao husema kumbukumbu za maisha yao wenyewe ni hafifu.

Mchungaji ana sababu ya kulijua jambo hili. Tafakari za namna aliyoifundisha Ignatius wa Loyola, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1548, humtaka mwenye kusali aione kwanza mahali pa tukio. Asiyeweza aweza kudhani kwamba Roho amemwacha. Vivyo hivyo mjane asiyeweza kuirudisha sura ya marehemu mumewe aweza kujihukumu kuwa hakumpenda. Tukimwambia, "Fumba macho umwone," twamwongezea mzigo. Afadhali tumwombe atusimulie habari zake.

Katika Warumi 10:17 Mtume Paulo ameifunga imani na kusikia. Basi asiyeona picha moyoni hakupungukiwa na kitu kinachohitajika kwa imani.