Likizo Yetu Makaburini

Tangu turudi safari wengi mmetuuliza, kanisani na hata sokoni: kweli mliacha watoto kwa bibi yao, mkapanda basi usiku mzima, mkaenda kutazama makaburi? Ni kweli. Na kwa kuwa maswali hayaishi, tumeona afadhali tujibu mara moja hapa.

Sisi ni mume na mke, wote walimu, na kila mwaka tunafundisha somo la Misri ya kale. Tunachora piramidi ubaoni, tunaeleza kwamba ile kubwa ya mfalme Keops ina karibu miaka 4,500 na ilijengwa kwa mawe zaidi ya milioni 2. Mwaka huu mtoto mmoja alinyoosha mkono: "Mwalimu, wewe ulifika?" Darasa zima likacheka. Jioni tulisimuliana nyumbani tukacheka pia, lakini swali lilibaki nasi. Katika miaka 11 ya ndoa tulikuwa tumesafiri pamoja mara moja tu, ile Mei 2021 Nyiragongo ilipolipuka, na kukimbilia Sake na godoro kichwani hakuna anayekuita likizo.

Misri si ya mshahara wa mwalimu. Kampala inawezekana, na huko kuna makaburi ya wafalme wa Buganda, mahali paitwapo Kasubi. Zamu yetu ya likelemba ilipofika mwezi wa saba, tukaamua.

Mama mkwe ndiye aliyekuwa mgumu. Alikubali kubaki na watoto, ila maneno yake yalituchoma. "Kaburi la baba yenu kule Masisi limeota majani, hakuna wa kulipalilia tangu tukimbie. Ninyi mnapeleka dola kwa wafu wa watu." Hatukuwa na jibu. Tulifunga mizigo kimya.

Kwa wale wanaotaka kufuata njia hiyo: tulivuka mpaka asubuhi hadi Gisenyi, tukachukua gari la Kigali, na jioni basi la Kampala. Chukueni sweta, kule milimani usiku ni baridi, na msisahau kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Chakula pikeni nyumbani. Mengine ni kusinzia na kuamshwa.

Kasubi iko juu ya kilima, karibu kilometa 5 kutoka katikati ya mji. Unaingia kwa kibanda cha lango kiitwacho Bujjabukula, halafu unaona uwanja, na mbele yake nyumba moja kubwa ya duara, paa lake la majani limeshuka karibu kugusa udongo. Tulizoea piramidi za vitabuni, tukatazamana. Nyumba ya majani! Mwongozaji wetu, kijana aliyejikaza kutusemesha Kiswahili kwa sababu Kiingereza chetu ni cha kuombea maji tu, akatuvulisha viatu na kutukalisha kwenye mkeka. Mwanamke hukaa miguu ameikunja upande mmoja. Aliyevaa suruali huongezewa kitambaa, basi kikwembe chetu cha Goma kilisifiwa.

Alituambia kwamba mfalme Mutesa wa kwanza alijenga jumba lake hapo mwaka 1882, akafa mwaka 1884, akazikwa ndani yake. Baada yake wamelazwa humo watatu wengine: mwanawe Mwanga, kisha Daudi Chwa, kisha Mutesa wa pili. Waganda hawasemi kwamba mfalme amekufa. Wanasema ameingia msituni, na sehemu ile ya ndani iliyofichwa kwa pazia la magome ya mti ndiyo huo msitu. Juu, chini ya paa, kuna pete 52, kila pete kwa ukoo mmoja wa Buganda.

Lakini kilichotushika ni hadithi ya wawili kati ya hao wanne. Mwanga aliondolewa na Waingereza, akapelekwa visiwa vya Shelisheli, akafia huko mwaka 1903. Mifupa yake ilirudishwa mwaka 1910. Mutesa wa pili, ambaye alikuwa pia rais wa kwanza wa Uganda, alikimbia jumba lake liliposhambuliwa mwaka 1966, akafia London mwaka 1969, akarudishwa mwaka 1971. Wafalme, nao walifia ukimbizini. Hapo mmoja wetu, hatutasema nani, alitoa kitambaa akajifanya anafuta jasho.

Na nyumba ile si ileile ya zamani. Tarehe 16 Machi 2010 usiku iliteketea yote. Makaburi yenyewe hayakuguswa, lakini paa, pazia, vyote vikawa majivu. Sisi watu wa Goma tunajua kusimama mbele ya majivu. UNESCO, iliyokuwa imeiandika Kasubi katika urithi wa dunia mwaka 2001, ikaiweka kwenye orodha ya hatari, na ilichukua hadi 2023 kuitoa. Kazi ya kuezeka ni ya ukoo wa Ngeye, na wakati wa kuezeka mwanamke haingii. Sheria hiyo haikutupendeza sote wawili kwa kiasi kimoja.

Tukauliza: basi wanawake wana nini hapa? Kijana akatuonyesha nyumba ndogo zinazozunguka uwanja. Humo wanakaa wanawake wanaoshika nafasi ya wake za wafalme. Mmoja akifa, ukoo wake unaleta mwingine. Wanalinda, wanasuka mikeka, wanalima shamba la hapo hapo. Tulimwona mmoja mzee akifagia polepole, bila kutujali hata kidogo. Tulikumbuka kwamba wafalme wa Misri, pamoja na mawe yao yote, wengi wamelala leo katika makumbusho ya Kairo. Mwaka 2021 walihamishwa 22 kwa msafara wa magari, kutoka nyumba moja ya makumbusho hadi nyingine.

Siku ya pili tulifika Jinja kuona Nile ikitoka ziwani. Hilo ni la darasani: hata maji ya mto wetu Rutshuru yanaingia ziwa Edward, yanapita Semliki na ziwa Albert, mwishowe Nile, hadi Misri. Maji yetu yamefika. Sisi bado.

Mama mkwe tulimletea kipande cha lile gome, kitambaa chekundu kama udongo, kinachopigwa kwa nyundo za mti na kutumika pia kufunika wafu. Alikishika muda mrefu.

"Nani anafagia huko?"

"Wanawake, mama."

"Kila siku?"

"Kwa zamu."

Akakikunja, akakiweka kwenye sanduku lake pamoja na picha ya marehemu. Kisha akamwita mjukuu wake mkubwa, aje na daftari. "Andika jina la kilima. Andika mto. Andika miti mitatu iliyo upande wa kichwa."

Tangu hapo wanakaa wawili mezani kila Jumapili baada ya misa. Daftari lina kurasa nne sasa, na ramani moja ambayo mto umechorwa ukipanda mlima. Bibi amekataa tuusahihishe.