Tone la Mavi ya Chuma Kemondo

Tone la mavi ya chuma, taka iliyoyeyuka inayotengana na chuma tanuruni, halidondoki kama tone la maji. Hujivuta, likaning'inia kwenye bua la tete lililogeuka mkaa, likangoja jingine lije kuliongezea uzito, ndipo liachie. Kemondo, kusini mwa mji wa Bukoba, matone ya namna hiyo yalidondoka katika karne za mwanzo baada ya Kristo yakaganda katikati ya matete, na vipande vilivyofukuliwa huko bado vina alama za mabua.

Wengi tunaijua Kemondo kwa bandari na meli ya Mwanza. Mwanaakiolojia Peter Schmidt aliijua kwa matanuru. Katika maeneo aliyoyaita KM2 na KM3 alikuta mashimo ya kuyeyushia chuma, na wazee wa Kihaya waliokumbuka kazi hiyo wakamjengea tanuru upya, na chini ya shimo wakaweka nyasi za kinamasi zilizochomwa. Mwaka 1978 Schmidt na Donald Avery, mtaalamu wa metali, waliandika katika jarida la Science kwamba mirija ya udongo iliingizwa ndani ya tanuru ili hewa ya mivukuto ipate moto kabla ya kufika kwenye mkaa. Wengine walikataa, na ubishi huo ukadumu miaka mingi.

Anayetaka kuupima ubishi huo kwa kompyuta atakutana kwanza na swali linaloonekana dogo: humo ndani ya tanuru mna kitu gani? Mwanafunzi mwenye haraka atajibu kwamba ni mchanganyiko. Chuma kina densiti ya kilo 7,870 kwa mita ya ujazo, mavi ya chuma yaliyoyeyuka kama 3,800. Basi atachukua wastani, apate kitu cha 5,800 na ushei. Kitu hicho hakijawahi kuwepo Kemondo wala kwingineko. Hakichuruziki kama mavi, hakigandamani kama chuma. Ni sawa na kukoroga mafuta na maji kwenye sufuria, kisha ukatafuta dukani kimiminika chenye uzito wa katikati.

Programu zenyewe za kuigiza mwendo wa vimiminika haziko hivyo. Katika OpenFOAM, kwa mfano, unafungua faili la maandishi na kuzitaja fazi, yaani maada zisizochanganyika, kwa majina, moja moja: hii mavi, ile gesi. Kila moja unaipa densiti yake na mnato wake. Halafu inabaki namba moja ambayo si ya mavi wala si ya gesi, nayo ni mvutano wa uso. Hiyo ni mali ya mpaka. Bila fazi mbili haipo, na ndiyo inayoamua kama tone litapenya kati ya mabua au litaning'inia. Ukiongeza pembe ambayo tone huifanya likikaa juu ya mkaa, umekaribia tete la Kemondo.

Ndani ya programu tanuru lote hukatwa vijisanduku, na kila kijisanduku hupewa namba kati ya 0 na 1. Moja ni mavi matupu, sifuri ni gesi tupu. Penye 0.4 ujue mpaka unapita humo. Njia hii waliieleza Hirt na Nichols mwaka 1981, na mimi naipenda kwa sababu inaruhusu wastani pale tu unapostahili: ndani ya kijisanduku kimoja cha mpakani, si ndani ya tanuru zima.

Chuma ndicho chenye ukaidi. Huyeyuka kwa nyuzi 1,538 za Selsiasi, ilhali madini makuu ya mavi haya, fayalaiti, huyeyuka karibu na 1,200. Kwa hiyo katika tanuru la namna hii mavi huchuruzika wakati chuma kingi bado ni kigumu, kimeshikamana kama sifongo. Ukikitangaza kuwa kimiminika, kompyuta haitakukatalia. Itakichuruzisha na kukupa picha nzuri ya uongo.

OpenFOAM ni ya bure. Zoezi ambalo wanafunzi wengi huanzia ni la bwawa la maji linalobomoka, fazi mbili tu, maji na hewa. Kijana wa Bukoba au Muleba akilimaliza hilo, abadilishe namba, aweke mabua ya matete chini, aache mavi yadondoke. Chuma asikiguse kwanza.