Risasi ikikosa kufika: Jinsi mauaji ya Miami yalivyobadilisha majaribio ya risasi

ASUBUHI ya Aprili 11, 1986, maafisa wanane wa Shirika la Upelelezi la Marekani (FBI) waliwazingira washukiwa wawili wa wizi wa benki mtaani Miami, jimbo la Florida. Ufyatulianaji wa risasi uliofuata haukuchukua hata dakika tano, lakini uliacha maafisa wawili na washukiwa wote wawili wakiwa maiti. Maafisa watano walijeruhiwa.

Risasi moja ya siku hiyo ingali inazungumziwa. Ilikuwa ya bastola ya milimita 9. Ilipenya mkono wa kulia wa mshukiwa Michael Platt, ikaingia kifuani na kukwama takriban sentimita mbili na nusu kabla ya kuufikia moyo. Ingawa jeraha hilo lilikuwa baya mno, Platt aliendelea kufyatua bunduki yake.

Ajabu ni kwamba risasi yenyewe haikuwa mbovu. Ilitanuka kama ilivyoundwa kutanuka, na huko kutanuka ndiko kulikoipunguzia mwendo.

Risasi za aina hii huwa na tundu kichwani. Zinapoingia kwenye mwili, majimaji hujaa ndani ya tundu hilo na kulisukuma hadi kichwa kichanue mfano wa uyoga. Hivyo hutoboa tundu pana zaidi, na aghalabu hubaki mwilini badala ya kutokea upande wa pili na kumpata mpita njia asiye na hatia. Azimio la The Hague la mwaka wa 1899 lilipiga marufuku matumizi yake vitani, ila halikugusa kazi ya polisi.

Baada ya mkasa huo, FBI iliwaita wataalamu mwaka wa 1987, akiwemo Dkt Martin Fackler, daktari wa upasuaji wa jeshi aliyechunguza majeraha ya risasi. Fackler alikuwa akifyatua risasi kwenye jelatini, ile ile itumiwayo jikoni, iliyochanganywa kwa asilimia 10 na kupoeshwa hadi nyuzi 4 za selsiasi. Mchanganyiko huo hukaribiana na misuli ya binadamu, japo hauna mifupa wala ngozi. Kabla ya jaribio, kijipira cha chuma hurushwa kwa kasi ya mita 180 hivi kwa sekunde. Kisipozama karibu sentimita 8.5, mchanganyiko huo haufai.

FBI iliamua kwamba risasi nzuri sharti izame baina ya sentimita 30 na 46. Msomaji atauliza: ni kifua cha nani kilicho kinene hivyo? Jibu ni mkono wa Platt. Mtu anayepigana hasimami wima akikutazama, na risasi huenda ikapitia mkononi au ubavuni kabla ya kufika panapotakikana. Kwa sababu hiyo, majaribio hufanywa pia kupitia nguo nzito, plaiwudi, bati na kioo cha gari.

Vipimo hivi vimewafaa pia raia wa Marekani wanaojiundia risasi nyumbani, yaani wanaounganisha wenyewe ganda, kiwashio, baruti na kichwa cha risasi. Kiwanda huunda kichwa kwa ajili ya kasi fulani. Mwenye kupima baruti yake mwenyewe anaibadilisha kasi hiyo, na hapo ndipo matatizo huanzia. Ikienda polepole, tundu huzibwa na nyuzi za nguo na risasi hupita bila kuchanua. Ikienda kasi kupita kiasi, ngozi yake ya shaba huweza kubanduka kutoka kwa madini ya ndani na vipande kutawanyika, kila kimoja kikiwa chepesi mno kuzama.

Ndiyo maana risasi huokotwa, ikapimwa upana na kutiwa kwenye mizani. Iliyokuwa na gramu 9.5 ikipatikana na gramu 7.6, imebakisha asilimia 80 ya uzito wake.

Wengi wao hutumia mitungi ya maji au magazeti yaliyoloweshwa, kwa kuwa jelatini ni ghali na huharibika upesi. Lakini maji huipendelea risasi: huichanua kwa urahisi na kuiacha iende mbali kuliko jelatini. Isitoshe, risasi moja iliyochanua vyema haithibitishi lolote kuhusu ya pili, hasa ikifyatuliwa kwa bastola yenye mtutu mfupi zaidi.

FBI yenyewe ilizunguka sana. Iliiacha milimita 9, ikajaribu ya milimita 10 iliyowasumbua baadhi ya maafisa kwa mrusho wake mkali, kisha katika miaka ya 1990 ikachukua ya inchi 0.40. Mnamo 2014 kitengo chake cha mafunzo kilipendekeza kurejea kwa milimita 9, kikisema vichwa vya kisasa vya ukubwa huo vinafaulu majaribio yale yale yaliyozaliwa Miami.