Ukitaka Harrier, Usitazame Rangi

Mfunguo Mosi ukishaandama, Mombasa huwa haina Alhamisi wala Jumapili iliyo tupu. Arusi juu ya arusi. Simama kando ya barabara jioni utazame msafara ukipita na utepe wake na honi zake, kisha uhesabu motokaa. Katika kila kumi, hutakosa Harrier tatu ama nne, na aghlabu ile iliyombeba bwana arusi ni mojawapo.

Zama za baba zetu heshima hiyo ilikuwa ya Peugeot 504, hasa ile stesheni yenye safu tatu za viti, iliyoweza kumbeba bibi arusi, somo wake, mashangazi wawili na masinia ya biriani kwa safari moja. Gari hilo lilianza kuundwa mwaka 1968, likashinda Safari Rally mwaka 1975 na tena mwaka 1978, na aliyekuwa nalo mtaani alisalimiwa hata na watu asiowajua. Sasa Pijo zimekwenda zake, na Harrier imekalia kiti chake.

Jina lenyewe ni la ndege mwindaji, wa jamaa ya mwewe, na kwa miaka mingi sura ya ndege huyo ilibandikwa kwenye pua ya gari. Toyota waliitoa Japani Disemba 1997. Mwaka uliofuata gari lilo hilo likauzwa Marekani kwa jina la Lexus RX 300, na huko likahesabiwa kuwa gari la matajiri. Siri yake ni kwamba chini imejengwa juu ya msingi wa Camry, ambayo ni saluni, na juu imenyanyuliwa kama gari la porini. Basi hupandi kama anayepanda lori, wala huingii kama anayeingia shimoni. Mwenye goti bovu hukaa tu, akageuza miguu, akawa ndani.

Na goti ndilo lililoanzisha mkasa nitakaousimulia.

Maalim mmoja wa hapa kisiwani, aliyestaafu ualimu, alikuwa na mkewe aliyeshikwa na goti hata matatu akawa haziwezi. Kila mwezi ilibidi apelekwe kliniki. Kijana wao aliyeko Maskat akasema, "Baba, mnunulie mama gari, nami nitaongeza." Maalim akakitoa kiinua mgongo chake chote, akaongezewa za kijana, akamtafuta dalali. Dalali akamletea Harrier nyeupe ya injini ya 2.4, yenye nambari ya KB, inang'aa kama sahani ya kaure. Ndani viti vya ngozi, na uvumba umefukizwa.

"Maalim," dalali akamwambia, "gari hili liko mtu anakuja kulitwaa saa tisa. Mimi nimekuweka wewe mbele kwa sababu ulinisomeshea ndugu zangu."

Maalim hakungoja saa tisa. Alilipa saa saba, baada ya Adhuhuri.

Mwezi wa pili, asubuhi moja alipolitia moto, nyuma ukatoka moshi wa samawati uliojaza uchochoro mzima. Fundi alipochomoa kijiti cha oili, kilitoka kikavu. Injini ile ya 2.4, hasa zilizotoka katika miaka ya 2006 hadi 2009, ina ugonjwa unaojulikana na mafundi dunia nzima: pete za pistoni huziba, oili ikapita juu, ikaungua pamoja na petroli. Aliyeuza, ama fundi wake, alikuwa ametia oili nzito ili moshi ujifiche siku za kulionyesha. Maalim alikuwa amenunua rangi na uvumba.

Nimekaa na mafundi wawili na mzee mmoja aliyefanya kazi yadini miaka mingi, nikawauliza: Maalim angefanyaje? Jibu lao la kwanza lilikuwa moja. Usiende kutazama gari kwa miadi. Ukienda kwa miadi utalikuta limekwisha washwa, limepata moto, na injini iliyopata moto huficha mengi. Nenda alfajiri, ama useme utakuja kesho kisha uende leo. Weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya baridi, mwambie mtu mwingine awashe nawe usimame nyuma ya ekzosi. Moshi wa samawati ni oili. Moshi mweupe usiokoma ni maji yanayoingia penye petroli. Chomoa kijiti cha oili wewe mwenyewe. Fungua rejeta, madhali bado ni baridi, utazame kama maji yana utando wa mafuta.

Kisha bodi. Hapa mzee wa yadi alicheka. "Watu hutazama gari kama watazamavyo mchumba, usoni tu." Yeye hupitisha kidole kwenye mianya ya milango: upande mmoja mwanya ni mwembamba na wa pili mpana, basi mlango ule umewahi kutolewa. Hutazama vichwa vya bolti za boneti kama vimekwaruzwa na spana. Husoma tarehe iliyochapishwa pembeni ya kila kioo na kwenye lebo za mikanda ya viti, kwa kuwa gari la 2008 lenye mkanda wa 2012 lina hadithi ambayo muuzaji hajaisema. Baadaye hulala chini. Magari yaliyotoka kaskazini ya Japani, kule Hokkaido, hupita juu ya barabara zilizomwagiwa chumvi ya kuyeyusha theluji, na chumvi hiyo hula chuma kutoka tumboni. Ukiongeza na upepo wetu wa bahari, gari la namna hiyo huoza mbele ya macho yako.

Kuhusu kilomita, usiisadiki spidomita peke yake. Tazama usukani kama umelika, tazama mpira wa pedali ya breki. Gari la kilomita 70,000 halina pedali iliyobakia chuma kitupu.

Pengine utauliza, kwa nini Wajapani waachilie magari mazuri hivi? Sababu kubwa ni sheria yao ya ukaguzi. Gari jipya la mtu binafsi hukaguliwa likifika miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na gharama zake si haba, kwa hivyo wengi huona heri kuuza. Gari huenda mnadani, na huko mkaguzi huliandikia karatasi, na karatasi hii mnunuzi wa Mombasa apaswa kuidai kama adaivyo risiti. Ina alama ya jumla: 4 na nusu ni zuri sana, 4 ni zuri, 3 na nusu ni la kutazamwa, na herufi R maana yake liligongwa likatengenezwa. Ina pia mchoro wa gari uliojaa herufi: A ni mkwaruzo, U ni bonyeo, W ni pahala palipopigwa rangi upya, S ni kutu, na XX ni kipande kilichobadilishwa. Mwenye yadi akikwambia karatasi imepotea, si lazima awe mwongo, lakini wewe tia bei yako chini kwa kipimo cha yale usiyoonyeshwa.

Kwa sheria ya Kenya, gari la mtumba lililopita miaka 8 halishushwi bandarini, na ni lazima liwe la usukani wa kulia na liwe na cheti cha ukaguzi kabla ya kupakiwa melini. Kwa hivyo Harrier za kizazi cha pili, zilizouzwa Japani kuanzia mwaka 2003 hadi 2013, haziji tena. Utazikuta zilizo hapa tu, zilizokwisha pita mikono miwili mitatu. Zinazoshuka sasa ni za baadaye. Hizi nazo zina yake: giaboksi za nyingi katika zile za petroli za kuanzia 2013 ni za ukanda, zinataka oili yao maalumu, na fundi wa uchochoroni akizitilia oili yoyote aliyo nayo huziua. Zile za haibridi zina betri kubwa chini ya viti vya nyuma, nayo hupimwa kwa kompyuta, haipimwi kwa maneno. Ushuru nao umepanda. Ushuru wa forodha ulikuwa asilimia 25 ukafanywa 35 mwaka 2023, na juu yake kuna ushuru wa bidhaa, na VAT ya asilimia 16 juu ya hayo yote. Mtu akikuuzia gari jipya la bandarini kwa bei ya kutupa, muulize ushuru aliulipa nani.

Jambo lililonishtua mimi zaidi ni magari ya mirathi. Baba amekufa, kaacha Harrier uani. Kijana mkubwa ana funguo na ana logibuku, basi huliuza. Dada zake hawakuulizwa, wala mjane. Mnunuzi hufurahia bei, akaja kugundua kwamba jina kwenye logibuku ni la maiti, na haliwezi kuhamishwa mpaka warithi wapate hati ya kusimamia mali ya marehemu. Hata kama lingehamishwa, thumni ya mjane imo ndani ya gari lile, na haki za mabinti zimo. Ukalipanda kwenda nalo Ijumaa ukiwa umekalia haki ya yatima! Kabla ya kutoa hata shilingi, tafuta rekodi ya gari kwa NTSA kupitia eCitizen. Utaona mwenyewe ni nani, na kama kuna benki inayolidai.

Kuhusu benki, wengi wetu twaogopa riba, na twafanya vyema. Tangu mwaka 2008 Kenya imekuwa na benki zinazofuata sharia, na gari ndilo linalofaa mno kwa murabaha: benki hulinunua gari, likawa mali yake, kisha hukuuzia kwa bei iliyotajwa na faida iliyotajwa, ukalipa kidogo kidogo na bei isipande. Sharti moja watu hulipita mbio. Ni lazima benki ilimiliki gari kwanza ndipo ikuuzie. Ukitiwa sahihi ya kununua kabla benki haijanunua, uliza, wala usione haya. Umeuziwa kisichokuwa chao.

Turudi kwa Maalim, maana yeye pia alikwenda kuuliza. Alikwenda kwa shekhe wa mtaani, akiwa na hasira na kijiti cha oili kimefungwa ndani ya gazeti.

Shekhe alimweleza kwamba katika madhehebu yetu ya Kishafii mnunuzi ana milango zaidi ya mmoja. Kabla hawajaachana na muuzaji pale walipokaa, kila mmoja aliweza kujirudi. Angetaka, angaliweka sharti la hiari ya siku 3, akalipeleka gari kwa fundi wake. Na ikidhihirika aibu iliyokuwamo tangu kwa muuzaji, ana haki ya kurudisha. Na yule mnunuzi wa saa tisa, ikiwa hakuwako, hiyo ni najashi, nayo ni haramu. Shekhe akamkumbusha kisa cha Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni akatia mkono ndani ya rundo la nafaka, vidole vikatoka vimelowa, akamkemea mwenye rundo kwa kuuficha umajimaji chini.

"Basi nalirudisha leo," Maalim akasema.

"Moshi uliuona lini?"

"Yapata wiki tano."

"Na tangu hapo umelitumia?"

Maalim alinyamaza. Alikuwa amempeleka mkewe kliniki, amekwenda arusini mara mbili, na mara moja Malindi. Haki ya kurudisha kwa aibu hutakiwa itumiwe mara mtu aijuapo. Akiendelea kulitumia, huwa kama aliyeridhika. Na kwa Kadhi jambo hili halifiki, kwani mahakama ile hukata mambo ya ndoa, talaka na mirathi. Angeweza kwenda mahakama ya madai madogo, inayosikiza dai lisilozidi Sh1,000,000, lakini gari lilikuwa limezidi hapo.

Waliitana baada ya Laasiri barazani, Maalim, muuzaji na wazee wawili. Dalali hakuja, na simu yake haikushikwa. Muuzaji aliapa kwamba hakujua, kwamba yeye naye alilinunua hivyo hivyo. Labda ni kweli. Mwisho alikubali kubeba nusu ya gharama ya pete na kazi ya fundi, na Maalim akabeba nusu. Mimi naona muuzaji alipona kwa bei rahisi, lakini Maalim alisema hataki kukutana na mtu msikitini wakageuziana mabega.

Gari lilipokwisha kutengenezwa, Maalim aliliuza. Aliandika kwa mkono wake, kwa hati ile ile ya ubaoni, kila aibu aliyoijua: pete zilizobadilishwa, mlango wa kushoto uliopigwa rangi, kutu chini ya buti. Mnunuzi aliisoma karatasi mara mbili, akateremsha bei, Maalim akakubali, wakapeana mikono. Karatasi ikatiwa ndani ya kisanduku cha dashibodi ikaondoka na gari.

Bibi sasa huenda kliniki kwa tuktuk. Asema goti lake halina ugomvi nayo.